Milimita Nne Juu ya Mboni

Nimestaafu wiki ya tatu sasa na bado nimepigwa na butwaa. Si kwa sababu ya kustaafu. Hilo nililiona likija tangu mbali, na karani wa ofisi alinikumbusha kila Ijumaa nisije nikajisahau. Kilichonishtua ni jambo nililoligundua mwezi wangu wa mwisho kabisa kazini, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya kupima watu miwani hapa Garissa, na mpaka leo nikilikumbuka moyo hunilipuka.

Nyinyi vijana mnaobaki kliniki mliniomba niwaandikie kumbukumbu. Vyeo vyangu na mshahara wangu viko kwenye faili, na anayetaka kuvijua akalisome. Mimi nitaandika yale ambayo faili haliyajui, na ya mwisho nitayaandika hata kama yananiaibisha.

Nilishuka Garissa nikiwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Kitui na begi moja. Aliyenipokea ni Mzee Mutisya, fundi wa lenzi, Mkamba mwenzangu aliyekuwa amekaa huku muda mrefu hadi akawa hatoki jasho. Somo lake la kwanza lilihusu kile kisahani cha mchanga wa moto tunachotumia kulainisha fremu za plastiki kabla ya kuzikunja. Alikichukua, akakipangusa, akakirudisha kabatini. "Huku hutakihitaji," akasema. "Weka fremu kwenye dashibodi ya gari saa saba mchana, nenda ukanywe maji, rudi ukunje." Nilidhani ananitania mgeni. Mchana ule ule niliacha miwani yangu ya jua ndani ya gari, nikaikuta imenuna, na hadi leo sijawahi kununua nyingine.

Watu waliniita Daktari tangu siku ya kwanza. Mimi si daktari, ni fundi wa kupima miwani. Miaka mitano nilikuwa nawasahihisha watu mmoja mmoja, kisha nikachoka, nikaitika. Sasa ninaona pengine ndipo mambo yalipoanza kuharibika, maana mtu akiitwa Daktari muda mrefu huanza kujiamini kupita kiasi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: sanduku la lenzi za majaribio, rula ya kupimia mboni, kalamu nyembamba ya wino mweusi, na chati. Kwa wasiojua kusoma tulikuwa na chati ya herufi E iliyogeuzwa pande nne, na mgonjwa huonyesha kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi. Tulikwenda nayo Eldas, tukaitundika kwenye ukuta wa shule. Mzee mmoja wa kwanza kwenye foleni aliitazama kwa makini sana, kisha akaniuliza hizi ni alama za ngamia wa nani, na kwa nini wamepotea wengi hivyo kwa siku moja. Macho yake yalikuwa mazima. Alikuwa amekuja kwa sababu ameona watu wamepanga foleni.

Lakini kazi yenyewe, ile ya kukaa na mtu uso kwa uso, nilifundishwa na Mzee Mutisya kwa sentensi tatu. Kaa usawa na mteja, macho yako yalingane na yake. Mwambie akuangalie hapa, na hapo akawa anajigusa katikati ya nyusi. Kisha weka nukta kwenye lenzi pale mboni yake ilipo. "Nukta ndiyo kila kitu," alisema. "Mengine ni mashine." Nilifuata sentensi hizo tatu mpaka Mzee Mutisya akastaafu, akarudi kwao, akafariki, nami nikakaa kwenye kiti chake.

Enzi hizo mtu aliyehitaji kuona mbali na karibu tulimpa miwani ya mstari. Juu ya mstari unaona mbali, chini yake unasoma. Ilikuwa miwani yenye huruma. Ukikosea milimita mbili mteja hata hajui. Baadaye zikaja hizi zisizo na mstari, ambazo nyinyi mmezikuta. Juu ni ya mbali, katikati ni ya kimo cha meza, chini ni ya kusomea, na nguvu inabadilika polepole kutoka juu hadi chini bila mtu kuona mpaka wowote. Pembeni mwa lenzi kuna ukungu, hauna dawa. Na nukta ikiwa mahali pasipo pake, lenzi nzima imepotea njia.

Wateja walishtuka nazo, na mimi nilikuwa na hotuba yangu tayari. Vaa siku nzima, usivae na kuvua. Usizungushe macho, zungusha kichwa. Elekeza pua kwa kile unachotaka kuona. Ukishuka ngazi, inamisha kidevu. Wiki mbili hivi, utazoea. Hilo neno la mwisho nililisema mara nyingi kuliko jina langu. Nililijua kwa Kiswahili, kwa Kikamba na kwa Kisomali.

Wengi walizoea. Walimu kutoka bara walizoea, maafisa walizoea, wafanyabiashara wa mifugo walizoea na wakarudi kuagiza ya pili. Waliokuwa wakirudi kulalamika, kila mwezi wawili watatu, walikuwa akina mama wa hapa, Wasomali, hasa wa makamo na wazee. Nilikuwa na maelezo yangu. Nilisema hawana subira. Nilisema hawapendi kujifunza kitu kipya. Nilisema hivyo mbele ya watu, nikinywa chai, na hakuna aliyenipinga, au labda nilikuwa sisikii.

Mmoja wao alikuwa Mama Dahabo. Alikuwa amehama kutoka malishoni kuja kukaa na mwanawe Hassan, mwenye duka la vyombo pale Bula Iftin. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole visivyotulia. Kazi yake ya kujifurahisha ilikuwa kusuka mikeka mikubwa ile ya kufunika nyumba za wahamaji. Mjini hakuna anayeihitaji. Alisuka tu kwa sababu mikono yake ilitaka, na kila mjukuu akioa alipelekewa mmoja. Alitaka miwani ya kuona mkeka na kuona mlango bila kubadilisha. Msaidizi wangu Nimo alikuwa likizo wakati huo, ameenda harusini Wajir, kwa hiyo nilimpima mimi mwenyewe. Nilikaa usawa naye. Nikamwambia aniangalie hapa. Alikuwa ameinama. Nikasema tena, kwa sauti, "Mama, niangalie." Akaniangalia. Nikaweka nukta.

Alirudi baada ya siku kumi.

"Daktari, ardhi inabanda juu," akasema. "Nikitembea, inakuja kwa uso."

"Unaivaa siku nzima?"

"Siku yote. Hata nikibika."

"Basi endelea, mama. Utazoea."

Akarudi tena mwezi ulipokwisha. Alisimama, hakutaka kiti. "Nimefumilia," akasema. "Miguu yangu iko sawa. Macho iko sawa. Hii miwani ndio iko mbaya." Nami nilikuwa na watu kumi na wanne kwenye benchi, joto limenipanda kichwani, nikamjibu maneno ambayo natamani ningeyala: "Mama, wengine wote wanazoea. Ni wewe hutaki kuzoea." Akatazama sakafu. Akaaga kwa adabu, akaondoka.

Mara ya tatu hakuja yeye, alikuja Hassan. Aliweka miwani mezani, imefungwa kwenye kitambaa. "Mama alianguka kwa ngazi ya duka," akasema. "Mkono umevunjika hapa, karibu na kiganja. Tunashukuru kwa kazi, Daktari. Hii mpatie mtu mwingine." Nilimpa pole. Alipoondoka nikafungua daftari la marudio, lile tunaloandika miwani iliyorudishwa na sababu yake, nikaandika: ameanguka kwa sababu ya uzee. Hati yangu, kalamu yangu. Kisha nikaitupa miwani ndani ya katoni iliyo chini ya meza, pamoja na zingine.

Sasa nije kwangu. Mimi miaka yote sikuwa nimevaa miwani isiyo na mstari hata siku moja. Macho yangu ya mbali yalikuwa mazuri, na miwani ya kusomea niliitundika shingoni kwa kamba. Niliwahubiria watu juu ya kitu ambacho sijakionja. Miezi michache kabla ya kustaafu vibao vya barabarani vilianza kunichezea, na Nimo akasema, "Mwalimu, zamu yako imefika." Ananiita mwalimu kwa sababu ni mimi niliyemfundisha kazi, miaka minne iliyopita, kwa sentensi zile zile tatu. Alikaa usawa nami, akajigusa katikati ya nyusi, akasema nimwangalie hapo. Nikamwangalia. Akaweka nukta.

Siku nilipoivaa mara ya kwanza nilishtuka vibaya. Sakafu ya kliniki, niliyoikanyaga miaka thelathini, iliinuka. Mlango ulikuwa na tumbo. Nilimimina chai nikakosa kikombe kabisa, nikaimwaga kwenye kitabu cha miadi. Nikajihutubia hotuba yangu: siku nzima, pua, kidevu, wiki mbili. Nikavumilia. Jumapili nikaenda kanisani, ambako ninaimba besi kwenye kwaya, na huko ndiko nilikoona maajabu. Karatasi ya nota iliyo mkononi niliiona vizuri. Kiongozi wa kwaya, aliye hatua sita mbele, alikuwa ukungu mwenye mikono. Nikagundua kwamba nikiinamisha kidevu hadi kifuani, nikamwangalia kwa juu, anatokea. Basi nikaimba nyimbo nne nikiwa nimeinamisha kichwa kama fahali. Baada ya ibada kiongozi akaja kuniuliza taratibu kama amenikosea jambo.

Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Sikuzoea. Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila jioni shingo iliniuma. Jumapili ya tatu, nikishuka ngazi za kanisa, ngazi ya mwisho ilinikimbia. Nilikanyaga hewa. Kama si akina mama wawili wa sauti ya kwanza kunidaka kila mmoja kwapa lake, ningelala pale kifudifudi na karatasi zangu. Walinikalisha, wakanipepea. Mmoja akaniuliza nimeona nini. Nikafungua kinywa, na nikajisikia nikisema: "Ardhi inapanda. Inakuja usoni."

Niliyajua maneno hayo. Na aliyeyasema nilimjua.

Jumatatu nilifika kliniki kabla ya kila mtu. Lenzi hizi zina alama ndogo sana zilizochorwa ndani yake. Ukizishika kwenye mwanga unaziona, ukaziweka juu ya karatasi ya vipimo ya kiwanda, ukajua nukta ilikaa wapi. Niliirudisha nukta ya Nimo pale pale ilipokuwa kwenye lenzi zangu, nikavaa, nikasimama mbele ya kioo wima, bila kujikaza. Nukta haikuwa kwenye mboni. Ilikuwa juu yake. Nikapima: milimita nne. Kwa hiyo kila nilipotazama mbele nilikuwa natazama kupitia sehemu ya mezani, na kila nilipotazama miguu nilikuwa natazama kupitia sehemu ya kusomea kitabu. Hakuna shingo duniani ya kuzoea hilo.

Nilimngojea Nimo mlangoni. Aliponiona tu akajua nimewaka.

"Umenipima vibaya!" nikamwambia. "Milimita nne! Nimekufundisha nini mimi?"

"Mwalimu, nilipima vile ulinifundisha."

"Mimi sijakufundisha kuweka nukta kwenye paji la uso la mtu."

Alitoa simu. Sasa hivi nyinyi vijana hupiga picha kila mkiweka nukta, jambo ambalo mimi nililiona ni mbwembwe. Akanitafutia picha yangu, akanipa. Nilijiona. Nimekaa kwenye kiti, mikono magotini, kichwa nimekiinamisha, na macho nimeyainua kwa chini ya nyusi kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mboni zimepanda karibu na ukingo wa juu wa fremu. Na nukta ya Nimo iko pale pale mboni zilipo, sawasawa kabisa.

"Mbona niliinama?" nikamuuliza. Kweli nilikuwa sijui.

"Mimi ni msichana, mwalimu. Nimekukaribia, uso na uso. Wewe umekaa Garissa miaka yote hiyo. Ungekaaje?"

Nilikaa chini. Mji huu mwanamume mwenye heshima zake hamkodolei macho binti wa watu. Hakuna aliyenifundisha hilo darasani. Tabia ilikuwa imeniingia mwilini bila kuniomba ruhusa. Nimo aliponiambia nimwangalie, macho yalitii na kichwa kikakataa. Nilikaa na ile picha mkononi, na taratibu sana, kitu kingine kikaanza kunijia, nami nikawa sitaki kije.

"Nimo. Na akina mama?"

"Akina mama gani?"

"Wa hapa. Nikiwapima mimi."

"Wote, mwalimu," akasema. "Wote wanainama. Wewe ni mwanamume, na ni mgeni kwao. Halafu unawaambia 'niangalie' kwa ile sauti yako. Wanainua macho haraka, kichwa kinabaki chini. Na wewe unaweka nukta."

Niliuliza yeye huwapimaje. Akasema huwapeleka chumba cha ndani, huwaambia wasimwangalie yeye kabisa, waangalie mlangoni kana kwamba wanamngoja mtoto atoke madrasa. Kichwa kinakaa chenyewe. Ile shughuli ya chumba cha ndani niliijua, nilidhani ni mambo ya stara tu. Na kweli tangu aje malalamiko yalikuwa yamepungua. Sifa nilikuwa nimempa mwenye kiwanda cha lenzi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili. Ulisema ulianza kazi hii kabla sijazaliwa." Kisha, kwa sauti ya chini: "Na ni kweli, mwalimu. Usinikasirikie."

Kumkasirikia! Niliivuta ile katoni chini ya meza, nikaimwaga yote juu ya kaunta. Tukafunga mlango, tukaanza kuzitia nukta upya na kuzilinganisha na daftari, yeye anasoma jina, mimi napima. Juu. Juu. Juu tena. Ya mwalimu wa kiume wa shule ya msingi ilikuwa sawa, alirudisha kwa sababu ya rangi. Ya mama wa Takaba, juu. Ya bibi wa Banissa aliyesafiri siku mbili kuja na siku mbili kurudi, juu. Kila jina Nimo alilosoma lilifuatiwa na maneno yangu mwenyewe: ameshauriwa kuvumilia. Hana subira. Hataki kuzoea. Alisoma yote bila kupunguza hata moja, na sikumwomba apunguze.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Hawa ni wanawake waliofuata maji kwa miguu kutwa nzima, waliosubiri mvua mwaka hadi mwaka, nami niliyekaa kivulini na rula nikawaandika kwamba hawana subira. Na hizo zilikuwa zile tu zilizorudishwa. Nyingine ziko kwenye masanduku ya watu hadi leo, zimefungwa kwenye vitambaa, na wenyewe wanaamini kasoro ni yao.

Basi somo langu kwenu ni hili, sina jingine kubwa zaidi. Rula ni ile ile na kalamu ni ile ile. Lakini kabla hujaweka nukta, kwanza jua kichwa cha mtu huyo hukaaje asipokuwa na habari nawe. Mtazame akiingia, akisalimia, akimwita mtoto. Sentensi za Mzee Mutisya hazingekuwa na kosa kwetu Kitui, ambako watu hukaziana macho mpaka wakacheka. Mimi nilizitumia mahali ambapo kutokumkazia mtu macho ndiyo heshima yenyewe, nikaishi humo miaka thelathini, nikajifunza heshima hiyo hiyo, na bado sikuiona ikinipita mbele ya pua. Na mtu akikuambia ardhi inapanda, ardhi inapanda. Usimwambie atazoea.

Miwani ya Mama Dahabo ilikuwa ya mwisho kwenye kaunta. Milimita nne, kama yangu.

Tulikwenda siku ile ile baada ya alasiri, mimi na Nimo, na fremu na kalamu mfukoni. Duka la Hassan liko mbele, nyumba nyuma, na kati yake kuna geti la chuma. Hassan alitusalimia vizuri, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua, tukapita, akafunga tena nyuma yetu. Nilishangaa, nikauliza kama kuna wezi.

"Si wezi, Daktari. Ni mama," akasema. "Tangu aanguke hatumwachi atoke."

"Mkono haujapona?"

"Umepona. Ni kichwa." Akashusha sauti. "Alikuwa anasema sakafu inapanda, ngazi inatembea. Tukajua uzee umeingia kwa akili. Sheikh amemsomea mara mbili. Jiko tumemwachisha, moto ni hatari. Tunamwangalia tu, kama mtoto."

Nilikuwa nimekuja kuomba radhi kwa mkono uliovunjika. Hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa nimemwondolea mtu akili yake mbele ya wanawe. Nimo alinitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Mama Dahabo alikuwa amekaa kibarazani, mgongo wima, mikono imelala mapajani. Mkeka uliosukwa nusu ulikuwa umekunjwa na kusimamishwa kwenye kona, una vumbi. Nilimsalimia. Akajibu, akauliza habari za kazi, za afya, za watoto wangu Kitui, kwa mpangilio wake, bila kuruka moja. Huyu ndiye waliyesema akili imemtoka.

Nilipiga magoti mbele yake. "Mama," nikasema, "ulikuja kwangu ukaniambia miwani ni mbaya. Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekosea. Nilipima vibaya. Miguu yako ilikuwa sawa na macho yako yalikuwa sawa. Uliona sakafu inapanda kwa sababu niliweka lenzi juu. Mimi mwenyewe nimevaa kama ile, nusura nianguke."

Kisha akanyoosha kidole kimoja kunizuia nisiendelee.

"Hassan," akaita. "Ita bibi yako. Ita watoto." Wakaja, mke wa Hassan na mabinti wawili wakubwa, wakasimama mlangoni wakifuta mikono. Mama Dahabo akanigeukia. "Daktari. Rudia."

Nikarudia. Nilipomaliza akamwambia Nimo ayatafsiri kwa Kisomali, neno kwa neno, pasipate mtu wa kusema hakusikia. Nimo akatafsiri. Nilisikia jina langu, nikasikia milimita nne. Mke wa Hassan akajishika mdomo. Binti mmoja akaanza kulia. Hassan alikuwa ametazama chini, shingo yake imeloa jasho.

"Sasa pima," Mama Dahabo akaniambia, kwa upole kabisa.

Nikampa Nimo fremu na kalamu, nikasogea kando. Nimo akamvisha, akamwambia asimwangalie yeye, aangalie mbele, mbali, popote macho yanapopenda. Mbele yake palikuwa na geti. Mama Dahabo akalitazama. Polepole kidevu kikainuka, shingo ikanyooka, na mboni zikakaa katikati ya lenzi zenyewe. Nimo akaweka nukta ya kwanza, akaweka ya pili. Alipotaka kuivua ile fremu, Mama Dahabo akamshika mkono amngoje. Alikuwa bado anatazama geti.

"Ufunguo," akasema.

Hassan alinigeukia mimi, kana kwamba Daktari ndiye wa kutoa ruhusa. Mama yake akamwambia kitu kifupi kwa Kisomali, ambacho Nimo hakunitafsiria. Hassan akaingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha mama yake, cha ule mkono uliovunjika.